Nyumba ya Wajukuu Wangu, Katubuka

Jumatatu, 2 Juni 2025

Mwanangu Yona kapiga simu asubuhi kutoka Tabora. Mkewe Recho anakuja na wasichana tarehe kumi na tatu, likizo nzima. Yeye hakupata ruhusa kazini. Nikamwambia asijali, babu yupo.

Naandika hapa mambo ya mwaka jana nisije nikayasahau. Wajukuu walikaa Kigoma siku thelathini. Kwa Mzee Nduwimana, Buzebazeba, siku ishirini na sita. Kwangu mimi, niliyemzaa baba yao, siku nne. Na katika hizo nne Yunisi, mdogo wao, alilia siku mbili akitaka arudishwe kwenye bembea.

Nduwimana ndiye baba yake Recho, kwa hiyo ni bamwana wangu. Huku kwetu bamwana si mtu wa kugombana naye. Mtoto wake yuko kwako, mtoto wako yuko kwake. Unamwinukia kiti, unamlisha, akicheka unacheka. Angekuwa jirani ningeshamtafutia kosa. Bamwana nimfanyeje? Ana tairi alilolifunga kwa kamba kwenye mparachichi, ana sungura sita, na ana upole unaoudhi.

Basi nimepata wazo. Nitajenga nyumba. Nyumba ya mbao, uani, ya wasichana peke yao, yenye mlango, dirisha na paa. Bembea ni kamba na tairi. Nyumba ni nyumba. Sitamlazimisha mtu. Wasichana watataka wenyewe kulala kwangu, na Nduwimana atakuja kuitazama akiwa kwenye kiti cha wageni.

Mama Yona aliuliza nani atajenga. Nikamkumbusha kwamba nimekagua tiketi ndani ya treni miaka thelathini na mmoja. Nyumba ni behewa lisilotembea. Alisema sawa, akaendelea kuchambua maharage.

Nimechora ramani nyuma ya kalenda. Ramani nzuri. Nimeitia sahihi.

Jumanne, 3 Juni

Nimeshuka Kibirizi kumwona Nehemia, fundi mitumbwi. Karibu na anapofanyia kazi kuna mtumbwi mkuukuu wa dagaa, umepinduliwa mchangani tangu mwaka juzi. Unamzibia nafasi. Mbao nene, hazijaoza hata moja.

Nilimpa mpango. Aniachie mbao hizo, na mikono yake kwa siku chache, nami nitamtaja kwa jina kwenye hotuba ya uzinduzi, mbele za watu. Nehemia hajawahi kutajwa kwenye hotuba yoyote. Alifikiri kidogo, akauliza kama nitataja na jina la baba yake. Nikasema na la babu yake. Tukapeana mikono.

Mbao zimepandishwa na guta, safari mbili. Watu wa Katubuka walitoka nje kutazama. Nilitembea mbele ya guta sehemu yote ya mwisho ili wajue ni zangu.

Kila kitu kiko chini ya turubai. Bamwana asijue mpaka siku yenyewe. Nimeanza kuandika hotuba.

Alhamisi, 5 Juni

Kazi imeanza. Nilimkabidhi Nehemia ramani. Aliitazama, akaigeuza, akaiwekea jiwe juu isipeperuke, na hakuishika tena.

Anajenga anavyojua yeye. Kwanza gogo refu chini katikati, kisha mbavu, kisha mbao juu ya mbavu, na kila nafasi kaiziba kwa pamba na lami. Kufikia saa tisa alasiri kuta zilikuwa tayari, ila hazikusimama wima. Zimelalia nje pande zote, juu pana kuliko chini. Nilileta pimamaji. Nehemia alisema hajawahi kutengeneza ubavu ulionyooka maishani mwake, kitu cha hivyo kinapinduka. Nikamwambia hii haiendi ziwani. Akaniuliza nina uhakika gani, mbona maji yamepanda miaka hii na wenzetu wa chini wamehama. Nikarudisha pimamaji ndani.

Niliizunguka mara tatu. Ukweli ni kwamba inapendeza. Nyumba ya namna hii hakuna Katubuka, hakuna Mwanga, hakuna Ujiji kote. Nimeamua kwamba ndivyo nilivyotaka tangu mwanzo, na nimeisahihisha ramani kwa penseli.

Nehemia anasema wanaume wanane wanaweza kuibeba nzima nzima na isilegee msumari. Sifa kubwa hiyo. Nimeiingiza kwenye hotuba, ukurasa wa pili.

Jumamosi, 7 Juni

Jua kali toka asubuhi. Mbao zilipopata moto zikakumbuka kazi yao ya zamani. Harufu ya dagaa! Wala si dagaa wa jana, ni dagaa wa miaka kumi na mitano.

Saa nne alikuja paka wa Erasto, jirani yetu wa upande wa barabarani. Saa tano walikuwa watano. Saa saba nilihesabu kumi na mmoja, wamekaa juu ya turubai wametulia kama wajumbe wa mkutano. Erasto alichungulia juu ya ua, akauliza kwa adabu kama nimefungua biashara. Nikamjibu ni mambo ya kifamilia.

Mama Yona alisema wajukuu watarudi Tabora wakinuka kama magunia. Alisema pia kwamba maji ya moto, majivu na sabuni vitamaliza jambo hilo kwa siku moja. Ushauri wa kawaida mno. Mimi nilikuwa na mpango: mawese. Mafuta yanaingia kwenye mbao, yanaifungia harufu humo humo, na mbao inapata wekundu wa kung'aa. Rangi na dawa kwa mpigo mmoja. Fundi gani angefikiria hilo?

Nimepaka ndoo nzima ya mawese ya Mama Yona. Hajajua bado. Nyumba inang'aa kama viatu vya bwana harusi.

Jumapili, 8 Juni

Amejua. Aliingia jikoni kuunga kisamvu akakuta ndoo tupu.

Hata hivyo hakupata muda wa kusema sana, kwa sababu tulipotoka kanisani tulikuta sisimizi. Kutoka ukutani kwetu mpaka kwenye nyumba, mistari minne. Paka hawakuondoka. Sasa wanawatazama sisimizi.

Mama Yona alivua kitenge cha kanisani, akachemsha maji, akatia majivu, akachukua sabuni ya mche na kuisugua nyumba yote mwenyewe, ndani na nje. Mimi nilishika ndoo. Jioni harufu imekwisha, sisimizi wamekwisha, na paka wamebaki wawili ambao nadhani wamekuja kupumzika tu.

Nilimweleza kwamba mawese ndiyo yaliyolainisha uchafu, ndiyo maana majivu yameshika vizuri. Tumekula kisamvu kisicho na mafuta.

Jumatatu, 9 Juni

Bamwana kaja bila taarifa.

Alikuja na mkungu wa ndizi na uso wa huruma. Nikamwinukia. Tukatakiana amani: amahoro, amahoro. Tuliulizana afya, tukaulizana watoto, tukaulizana mvua za mwaka jana. Alikula. Alipomaliza kunawa mikono, akasogeza kiti karibu na kusema kwa sauti ya chini kwamba watu wa Kibirizi wamemwambia bamwana wake anaunda mtumbwi uani. Akauliza kama nina tatizo linalonifanya nitake kuvuka kwenda Kongo. Kama ni mambo ya serikali, yeye ni ndugu. Kama ni ugonjwa, yeye ni ndugu. Alisema yeye mwenyewe alivushwa ziwa hili akiwa mgongoni kwa mama yake, wakitoka Burundi, na si safari ya mtu kuifanya peke yake kwa umri tulio nao.

Niliona aibu. Lakini haikukaa sana, kwa sababu aliongeza kwamba chochote kilicho chini ya turubai lile lazima ni kizuri, maana mikono ya bamwana wake anaijua.

Mikono yangu! Hakuna mtu aliyewahi kuisema vizuri mikono yangu. Nilifunua kona moja. Kona tu. Kisha upande wa mlango, ili aelewe ile kona. Kisha nikavuta turubai lote na paka wakaanguka.

Aliizunguka polepole, akagonga mbao kwa vidole. Akasema hajaona babu aliyefanya jambo kama hili. Ilibidi nitazame pembeni kidogo. Nikamwalika hapo hapo kwenye uzinduzi, Jumapili tarehe kumi na tano. Akasema atakuja, na hatakuja mikono mitupu.

Alipoondoka, Mama Yona aliniuliza tutamjibu kwa kitu gani. Swali la haki. Bamwana akikutolea kitu mbele za watu, nawe unamtolea chako, na kisiwe kidogo kuliko chake. Nilimwambia atulie. Nduwimana ataleta sukari na kitenge. Nitamjibu kwa jogoo. Jogoo wetu ni mkubwa, ana mkia wa kutosha, na watu watapiga makofi.

Jumatano, 11 Juni

Nehemia amemaliza paa na amerudi kwenye mitumbwi yake. Alinikumbusha kuhusu hotuba. Nikamwonyesha jina lake, la baba yake na la babu yake, ukurasa wa tatu, kwa wino. Alisoma mara mbili akiwa amesimama.

Mlango nimeufunga mwenyewe. Nilitaka liwepo jambo nililofanya kwa mikono yangu kutoka mwanzo mpaka mwisho. Niliingia ndani na mbao, nyundo na misumari, na nikapigilia kipande kirefu cha kuzuia upepo pale mlango unapokutana na fremu. Kimeshika sawasawa. Nilipotaka kutoka nikagundua nimepigilia mlango na fremu pamoja. Nyundo niliiacha nje dakika chache kabla, nilipoipitisha dirishani ili nipate nafasi ya kujipongeza.

Nilikaa ndani kama saa moja. Mama Yona alikuwa amekwenda sokoni. Erasto alipita, akaniona dirishani, akanisalimu. Nilimsalimu pia na kusema najaribu hewa. Alisema inaonekana iko vizuri. Sikuweza kumwomba nyundo baada ya hapo.

Lakini nitaandika jambo moja la kweli. Ni mahali pazuri pa kukaa. Mwanga unaingia dirishani, mbao zina rangi ya asali, na kwa mbali unasikia honi ya meli bandarini. Nilifikiri: hapa Wema, mkubwa wao, ataweka sufuria zake, hapa Yunisi ataweka mtoto wake wa matambara. Wakikumbuka utoto wao watakumbuka hapa. Mama Yona aliponitoa sikuwa na hasira yoyote, na yeye alicheka mpaka akakaa chini.

Ijumaa, 13 Juni

Wamefika! Treni ilichelewa, nami nilikuwa kituoni masaa matatu kabla, na koti. Bamwana hakuja kituoni. Alituma salamu kwamba upande wa baba ndio wa kuwapokea kwanza. Ndiyo adabu yake hiyo.

Wema ana miaka minane sasa na amepoteza meno mawili. Yunisi ana mitano na anaongea kwa niaba ya wote wawili. Shikamoo babu, shikamoo babu, na tulipoingia uani wakasimama ghafla. Nikasema hiyo hapo ni yenu. Wakauliza yetu na nani. Nikasema yenu peke yenu. Wakakimbia.

Hawajatoka tangu hapo isipokuwa kula. Recho alipowaambia kesho waende Buzebazeba wakasalimie, Wema alisema babu wa kule aje yeye, wao wana nyumba ya kuangalia. Niliomba arudie, nikajidai sikusikia.

Jioni wakajipikilisha. Nilialikwa. Nilikaa chini mlangoni, magoti mdomoni, nikaletewa ugali wa udongo na samaki wa majani kwenye kifuniko cha ndoo. Yunisi alinisimamia mpaka nikamaliza. Nilikagua tiketi za watu wazito enzi zangu, na waheshimiwa wamenipa mkono. Sijawahi kuwa na furaha kama leo, na naiandika hivyo hivyo ilivyo.

Jumapili, 15 Juni

Siku kubwa. Naandika jua halijazama, nikiwa bado nimevaa tai.

Watu walikuwa sitini. Viti vya kanisa, turubai lile lile sasa juu ya vichwa vya wageni, utepe mwekundu mlangoni mwa nyumba. Bamwana nilimweka mbele kabisa, akitazama nyumba, apate kuiona vizuri. Hotuba ilichukua dakika ishirini na tano. Makofi mara sita. Nilipofika kwenye wanaume wanane kuibeba bila kulegea msumari, watu walisema aaa. Nilifurahi mno nikafunua kurasa mbili kwa pamoja, lakini hakuna aliyegundua. Wasichana wakakata utepe.

Kisha bamwana akasimama. Hakuwa na karatasi. Alisema maneno machache kwa sauti yake ile ya chini: kwamba alipofika nchi hii hakuwa na kitu, kwamba leo wajukuu wake wana babu anayewajengea, kwamba nyumba yenye baraka haikosi maziwa. Akanyoosha mkono, na lango likafunguliwa.

Mtamba. Ng'ombe jike mchanga, rangi ya kahawa, ameoshwa, ana utepe kwenye pembe.

Watu waliinuka vitini. Jogoo wangu alikuwa chini ya kiti, miguu imefungwa. Nilimtazama jogoo. Mama Yona aliniambia bila kufungua mdomo nishukuru, nikae chini, tutajibu baada ya miezi miwili mitatu kama watu wazima wanavyofanya. Ni kweli inaruhusiwa. Babangu mwenyewe aliwahi kujibu baada ya mwaka mzima.

Lakini macho sitini yalikuwa kwangu. Macho mia na ishirini ukihesabu yote. Erasto alikuwa ameshainama kumtazama jogoo. Nikasimama. Nikasikia sauti yangu ikisema kwamba mimi ni Jeremia, na bamwana wa Jeremia hatoki kwa Jeremia na kuku. Nikasema: bamwana, nyumba hiyo ni yako, ibebe leo.

Makofi hayo! Hata kwenye harusi ya Yona sikuyapata. Nduwimana alikataa, kama inavyotakiwa. Nikasisitiza. Akakataa tena, na safari hii alinishika mkono, akaniomba kweli kweli nifikirie watoto. Nikasisitiza mara ya tatu kwa sauti kubwa zaidi. Mara ya tatu haikataliwi. Akapokea kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa, na Recho akaweka kiganja mdomoni.

Wanaume wanane walikuwepo, wameshiba. Nehemia aliwapanga kama wanavyoshusha mtumbwi majini. Lango lilikuwa jembamba, tukakata ua wa upande wa Erasto. Yunisi alikuwa ndani ya nyumba na akakataa kutoka, kwa hiyo waliibeba pamoja naye. Wema alikimbia nyuma na sufuria zake. Yunisi alitoa kichwa dirishani akanipungia mkono, nami nikapunga mpaka walipokata kona ya kwenda barabarani.

Katubuka nzima inaongea. Hakuna mtu hapa aliyewahi kumpa bamwana nyumba. Mama Yona amemfungua jogoo miguu na amekwenda kulala mapema.

Jumanne, 17 Juni

Uani pamebaki alama ya pembe nne ya majani yaliyokauka. Mtamba analala hapo hapo. Amekula ua uliosalia na nusu ya mboga za Mama Yona. Maziwa bado miaka miwili, nimeambiwa.

Wasichana wako Buzebazeba. Nilipiga simu. Recho alisema wamo ndani ya nyumba yao na hawataki kuongea na simu kwa sababu kwenye nyumba yao hakuna simu.

Nehemia hanisalimii. Ule ukurasa niliouruka ulikuwa wa tatu. Alivaa suti, alimleta mama yake. Nilikwenda kumweleza kwamba kwa kuwa hakutajwa sasa kila mtu anauliza fundi ni nani, na hiyo ni sifa zaidi. Aliendelea kupiga randa.

Nina fahari, sikatai. Njiani watu wawili wamenisimamisha kunipa mkono. Lakini nyumba yangu iko kimya, na saa kumi jioni, wakati ule wa kuniletea ugali wa udongo, sikujua nikae wapi. Nimewakosa wajukuu wangu. Walikaa siku mbili.

Jumamosi, 21 Juni

Nimekwenda Buzebazeba kuwaona. Nilivaa viatu vya kutambaa uani na wasichana.

Kosa langu ni kusahau kwamba mimi pia ni bamwana. Walinipokea kwa heshima zote. Nilikalishwa sebuleni kwenye kochi kubwa, mgongo ukielekea uani. Nikaletewa samaki, mgebuka mkubwa wa kukaanga, ndizi, soda mbili. Mzee mwenzako haendi kutambaa uani kwa bamwana wake akiwa na sahani mapajani. Niliwasikia wasichana nyuma yangu, dirishani kabisa, wakibishana nani ni mama na nani ni mtoto mgonjwa. Nilijaribu kugeuka mara moja, na Nduwimana akadhani kochi linaniumiza, akaniletea mto.

Mwishoni waliitwa kunisalimu. Nilimuuliza Yunisi mambo ya nyumba. Alisema kuna watoto wanatoka mpaka Rusimbi kuja kuiona. Wema huwapanga mstari na kuwaambia imejengwa na babu yetu wa Katubuka, yule mwenye ng'ombe, na kwamba ukuta umelala makusudi. Makusudi! Mtoto ana akili sana.

Nilirudi nikiwa nimejaa fahari. Mama Yona aliuliza niliingia ndani ya nyumba au sikuingia. Nikamwambia hilo si la muhimu kama watu wanatoka mpaka Rusimbi.

Jumamosi, 5 Julai

Wameondoka kwa treni ya leo. Tulikuwa wote kituoni, mimi, Mama Yona na bamwana. Nimehesabu tena: mwaka jana siku nne, mwaka huu mbili, na mchana mmoja walipokuja kumwona mtamba.

Yunisi alinikumbatia shingo na kunusa koti langu. Aliniambia wamefunga mlango na kamba ili mtu asiingie mpaka wao warudi Desemba. Nikamuuliza Desemba watafikia wapi. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake. Alisema kwenye nyumba. Nilisema ndiyo, bila shaka.

Kisha Wema akasema kwamba ile nyumba ina kasoro moja. Haina jiko. Watu hawawezi kupikia chumbani, na mvua za Desemba zitawakuta nje na sufuria. Akaniuliza kama babu anaweza.

Nduwimana alikuwa amesimama pale. Mama Yona alinishika kiwiko. Na abiria wa behewa zima walikuwa wametoa vichwa madirishani. Nilisema jiko tu? Nikasema jiko, baraza, na ghorofa moja juu yenye ngazi. Mwanamke mmoja behewani alipiga makofi, na wengine wakamfuata. Treni iliondoka wakati makofi bado yanaendelea, na wasichana wangu walinipungia mpaka mwisho, mimi peke yangu, nina hakika.

Mama Yona alianza kulia kidogo tukiwa njiani, halafu akasema jambo moja la maana: kama nataka wasichana walale kwetu, nilijenge jiko hapa Katubuka na libaki hapa. Nilishangaa anadhani nilikuwa na mpango gani mwingine. Bila shaka litajengwa hapa! Litakuwa na nguvu mara mbili ya ile nyumba ya kwanza. Kesho nashuka Kibirizi kumwomba Nehemia msamaha, na jina lake litakuwa ukurasa wa kwanza, mstari wa juu kabisa. Mtamba nitamhamishia upande wa Erasto.

Uzinduzi utakuwa tarehe sita Desemba. Bamwana nimeshamwalika pale pale kituoni, nisingeweza kuzindua bila yeye. Alisema atakuja. Mama Yona ameniapisha mbele ya Biblia kwamba safari hii sitagawa kitu chochote cha wajukuu, na nimeapa kwa moyo wote, kwa sababu nimejifunza. Jiko halitoki hapa. Isipokuwa, bila shaka, bamwana aje na kitu kikubwa.